Pilâtre de Rozier: Mwalimu wa Kemia Aliyekuwa Rubani wa Kwanza wa Puto Duniani

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Jioni ya tarehe 27 Agosti, 1783, wakazi wa kijiji cha Gonesse, kaskazini mwa jiji la Paris nchini Ufaransa, waliona kitu kikubwa cha mviringo kikishuka kutoka mawinguni. Kilipogusa ardhi kiliendelea kurukaruka kama kiumbe hai na kutoa harufu mbaya iliyowatia watu hofu. Wanakijiji walikishambulia kwa mawe na zana za shambani, wakakichanachana, kisha wakafunga mabaki yake nyuma ya farasi na kuyaburuta. Kitu hicho kilikuwa puto la hariri lililojazwa gesi ya haidrojeni, lililorushwa muda mfupi kabla mjini Paris na mwanafizikia Jacques Charles. Halikuwa na mtu ndani yake.

Siku chache baadaye Serikali ya Mfalme Louis XVI ilitoa tangazo kwa umma. Kwa sisi tunaofanya kazi ya kutoa taarifa kwa wananchi, tangazo hilo linastahili kukumbukwa. Liliwaeleza wananchi kwamba iwapo wataona angani kitu kinachofanana na mwezi uliofunikwa na kivuli, wasiogope; hicho ni chombo kilichoundwa kwa kitambaa chepesi na hakiwezi kumdhuru mtu yeyote. Liliongeza kuwa huenda siku moja chombo hicho kikawa na manufaa kwa jamii. Watoaji wa tangazo hawakutaja habari ya binadamu kusafiri kwa chombo hicho, kwa kuwa wakati huo hakuna aliyekuwa amefanya hivyo.

Haikupita miezi mitatu, kijana mmoja mwalimu wa kemia na fizikia akapita juu ya mapaa ya nyumba za Paris akiwa amesimama kwenye roshani iliyofungwa chini ya puto. Jina lake ni Jean-François Pilâtre de Rozier. Kazi yake ya urubani ilidumu chini ya miaka miwili, na ilikatishwa na chombo alichokibuni mwenyewe.

Pilâtre alizaliwa tarehe 30 Machi, 1754 katika mji wa Metz, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa askari wa zamani aliyeacha jeshi na kuendesha nyumba ya wageni. Metz ulikuwa mji wa kambi za kijeshi wenye hospitali kubwa ya jeshi, na ni katika mazingira hayo kijana huyo alipoanza kuvutiwa na dawa na namna zinavyochanganywa. Familia ilitarajia awe tabibu wa upasuaji, lakini kazi hiyo haikumpendeza. Alichokipenda ni chupa, unga na mivuke ya duka la mwuza dawa, na huko ndiko alikojifunza misingi ya kemia.

Akiwa na umri wa miaka 18 hivi aliondoka nyumbani kwenda Paris. Alihudhuria mihadhara ya wanasayansi, akafanya kazi za kujikimu, na baadaye akapata nafasi ya kufundisha fizikia na kemia katika mji wa Reims. Umahiri wake wa kueleza mambo magumu mbele ya watu ulimfikia mdogo wake Mfalme, aliyekuwa na cheo cha Comte de Provence. Mwanamfalme huyo alimrejesha Paris, akamkabidhi usimamizi wa hazina yake ya vitu vya maumbile na kumpa nafasi ya utumishi katika kaya yake. Hivyo mtoto wa mwenye nyumba ya wageni akaingia katika milango ya ikulu, jambo ambalo katika Ufaransa ya wakati huo halikuwa rahisi kwa mtu asiye wa ukoo wa juu.

Mwezi Desemba mwaka 1781, akiwa na miaka 27, alifungua jijini Paris taasisi ya kutoa elimu ya sayansi kwa umma, yenye maabara, vifaa vya majaribio na ratiba ya mihadhara. Watu walilipa ada kwa mwaka, wakaja kusikiliza na kuona. Wanawake nao walipokelewa. Humo Pilâtre alionesha majaribio ya umeme na ya gesi zilizokuwa zimegunduliwa karibuni. Inasimuliwa kwamba alikuwa akivuta haidrojeni kinywani kisha kuitoa na kuiwasha moto mbele ya hadhira. Kama simulizi hiyo ni ya kweli, basi alikuwa akiijua vema tabia ya gesi hiyo, na jambo hili msomaji alikumbuke hadi mwisho wa makala haya. Vilevile alibuni kifaa cha kupumulia kwa ajili ya watu wanaolazimika kuingia mahali penye hewa chafu, kama vile mashimo ya maji taka.

Wakati Pilâtre akiendesha taasisi yake, ndugu wawili kutoka mji wa Annonay, kusini mwa nchi, walikuwa wakifanya majaribio ya namna nyingine. Joseph na Étienne Montgolfier walitoka katika familia ya watengenezaji wa karatasi. Tarehe 4 Juni, 1783 walirusha hadharani puto kubwa la kitambaa lililobandikwa karatasi kwa ndani, baada ya kulijaza hewa iliyopashwa kwa moto wa nyasi kavu na sufu. Habari hizo zilifika Paris na kuzua msisimko. Puto la Jacques Charles, lile lililouawa Gonesse, lilikuwa jibu la wanasayansi wa mji mkuu kwa watengenezaji karatasi wa Annonay. Kwa kuwa hawakufahamu kwa uhakika gesi gani ilitumika Annonay, walitumia ile nyepesi kuliko zote waliyoijua.

Hapa inafaa kueleza kwa kifupi namna puto linavyopaa. Ndugu wa Montgolfier walidhani kwamba nguvu iko katika moshi, wakaamini kuwa kadiri moshi unavyokuwa mzito na wenye harufu kali ndivyo puto litakavyopanda. Ndiyo maana walichoma sufu na nyasi zenye unyevu. Ukweli ni kwamba moshi hauna kazi yoyote. Hewa inapopata joto hutanuka, na hivyo ujazo uleule hubeba hewa kidogo zaidi. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20, katika usawa wa bahari, ina uzito wa takriban kilo 1.2. Ikipashwa hadi nyuzi 100 uzito huo hushuka hadi takriban kilo 0.95. Tofauti ya robo kilo ndiyo nguvu ya kuinua. Ni ndogo mno, na ndiyo sababu puto la hewa moto lazima liwe kubwa kama jengo: meta za ujazo 2,000 huinua takriban kilo 500, zikiwamo za kitambaa chenyewe, kamba, kikapu, nishati na abiria. Haidrojeni huinua zaidi ya kilo 1 kwa kila meta ya ujazo, yaani zaidi ya mara nne ya hewa moto, na haihitaji moto. Hata hivyo, ni ghali, huvuja kupitia kitambaa, na huwaka upesi ikikutana na cheche.

Kanuni hiyo ya tofauti ya uzito ndiyo inayofanya kazi hadi leo juu ya mbuga ya Serengeti, ambako maputo ya watalii huruka alfajiri. Saa hizo hewa ya nje ina baridi, hivyo tofauti ya joto huwa kubwa, na upepo bado haujaanza kuvuruga anga. Tofauti iliyopo ni kwamba rubani wa sasa ana kichomeo cha gesi kinachofunguliwa na kufungwa kwa mkono, na kitambaa chake ni cha nailoni. Mfumo huo ulianza kutumika mwaka 1960 nchini Marekani. Pilâtre alikuwa na nyasi, uma wa kuzitupia motoni, na ndoo ya maji.

Tarehe 19 Septemba, 1783, mbele ya Mfalme katika ikulu ya Versailles, Étienne Montgolfier alirusha puto lililobeba kondoo, bata na jogoo ndani ya kizimba. Lengo lilikuwa kujua kama kiumbe hai kinaweza kupumua kule juu. Puto lilikaa angani kwa takriban dakika 8 na kutua msituni umbali wa zaidi ya kilomita 3. Pilâtre aliwahi mahali pa kutua akiwa miongoni mwa watu wa mwanzo. Wanyama walikuwa wazima. Jogoo alikuwa na jeraha kwenye bawa, na baada ya mjadala ilikubalika kwamba alipigwa teke na kondoo kabla ya kuondoka.

Hatua iliyofuata ilikuwa binadamu. Mfalme alipendekeza watumike wafungwa wawili waliohukumiwa kifo. Wakirudi salama wapate msamaha. Kwa mtazamo wa wakati huo pendekezo hilo lilikuwa la busara, kwa kuwa hakuna aliyejua kitakachotokea. Pilâtre alilipinga. Aliona kwamba heshima ya kuwa mtu wa kwanza kuruka isiende kwa wahalifu. Mwandishi wa makala haya anadhani kulikuwa na sababu nyingine yenye uzito zaidi, nayo ni kwamba mfungwa asingeweza kuendesha chombo kile, sembuse kurudi na maelezo ya kisayansi. Ombi lake lilifikishwa kwa Mfalme kwa msaada wa François d'Arlandes, ofisa wa jeshi mwenye jina la ukoo wa juu na marafiki katika ikulu, aliyetaka naye kuwamo safarini. Mfalme akaridhia.

Wakati mashauri hayo yakiendelea, Pilâtre alikuwa tayari anajifunza. Tarehe 15 Oktoba, 1783, katika uwanja wa kiwanda cha karatasi za ukutani jijini Paris, alipanda puto lililofungwa kwa kamba hadi meta 25 hivi juu ya ardhi, akakaa huko kwa dakika 4 na zaidi. Siku nne baadaye kamba ziliongezwa urefu akafika takriban meta 100. Katika mojawapo ya safari hizo upepo ulilisukuma puto kwenye miti ya bustani ya jirani. Watazamaji walipiga kelele wakidhani amekwisha. Yeye akatupa nyasi zaidi motoni, puto likanyanyuka kutoka kwenye matawi na kurudi juu ya uwanja.

Tukio hilo dogo lina uzito kuliko linavyoonekana. Ndani yake Pilâtre aligundua kwamba mwenye moto ndiye mwenye chombo. Akiongeza nyasi, puto hupanda. Akiacha moto upungue, hushuka. Na anaweza kurudia hivyo kadiri akiba ya nyasi inavyoruhusu. Puto la haidrojeni halikumpa mtu uhuru huo. Ili lipande lazima atupe farumi, ambayo mabaharia wa Pwani yetu wanaifahamu kuwa ni uzito unaowekwa chomboni kukituliza, na katika puto huwa mifuko ya mchanga. Ili lishuke lazima afungue vali na kuitoa gesi. Mchanga uliotupwa haurudi, wala gesi iliyotolewa hairudi. Fikra hiyo haikumtoka tena kichwani.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 21 Novemba, 1783, katika bustani ya kasri la La Muette, magharibi mwa Paris. Puto lilikuwa na urefu wa zaidi ya meta 20 na upana wa takriban meta 15, la rangi ya buluu, limepambwa kwa rangi ya dhahabu kwa alama za nyota na sura za jua. Kuzunguka shingo yake kulikuwa na roshani ya fito zilizosukwa, na katikati ya shingo ilining'inizwa seredani ya chuma. Asubuhi upepo ulilirarua likiwa bado limefungwa. Lilishonwa upya kwa muda wa chini ya saa mbili. Karibu saa 8 mchana, Pilâtre na d'Arlandes walisimama kila mmoja upande wake wa roshani ili uzito ulingane, kamba zikaachiliwa.

Mengi tunayoyajua kuhusu dakika zilizofuata yanatokana na maelezo ya d'Arlandes, aliyeyaandika siku chache baadaye kwa ucheshi wa askari. Wakiwa juu ya mto Seine alisahau kazi akawa anatazama mandhari, na Pilâtre akamkaripia kwa sababu puto lilikuwa linashuka. Kwa kuwa moto ulikuwa kati yao na shingo ya puto ni pana, hawakuonana vizuri. Walikuwa wakiitana kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Baadaye d'Arlandes alisikia mlio wa kitu kinachokatika. Alipochungulia ndani aliona matundu kwenye kitambaa, mengine makubwa, yanayotafunwa na cheche. Aliyazima kwa sifongo lililoloweshwa maji, akakuta pia baadhi ya kamba zinazoshikilia roshani zimekatika. Alitaka washuke mara moja. Lakini chini yao kulikuwa na mapaa ya Paris, na ilibidi kwanza waupite mji. Pilâtre naye alikagua upande wake, akaona kwamba wanaweza kuendelea, wakaongeza nyasi.

Walitua katikati ya vinu viwili vya upepo kwenye kilima cha Butte-aux-Cailles, baada ya safari ya dakika 25 na umbali wa takriban kilomita 9, wakiwa bado na akiba kubwa ya nyasi. D'Arlandes aliruka nje, akageuka na kuona kitambaa chote kimemwangukia mwenzake. Pilâtre alitambaa kutoka chini yake akiwa na shati tu, kwa sababu alikuwa amevua koti kutokana na joto la seredani. Umati uliofika ulilichukua koti hilo na kugawana vipande. Miongoni mwa waliotia saini hati rasmi ya kuthibitisha safari hiyo alikuwamo Benjamin Franklin, mwakilishi wa Marekani nchini Ufaransa.

Siku kumi baadaye, tarehe 1 Desemba, Jacques Charles na mwenzake waliruka kutoka katikati ya Paris kwa puto la haidrojeni. Walikaa angani kwa saa mbili na kutua umbali wa takriban kilomita 36. Hawakuwa na moto wa kulisha, matundu ya kuziba, wala koti la kuvua. Wengi waliotazama waliona kwamba ushindani umekwisha na hewa moto imeshindwa.

Pilâtre hakukubali upesi. Mwezi Januari 1784 alikwenda Lyon, ambako Joseph Montgolfier alikuwa ameunda puto kubwa kupita kiasi. Tarehe 19 liliruka na watu 7 badala ya idadi ndogo iliyopangwa, kwa sababu watu wa ukoo wa juu waliokuwa wamekwisha kupanda walikataa kushuka. Kitambaa kilipasuka na puto likarudi chini kwa kasi. Hakuna aliyeumia vibaya. Joseph Montgolfier hakuruka tena maishani mwake.

Mafanikio makubwa ya Pilâtre yalikuja tarehe 23 Juni, 1784, alipoondoka Versailles pamoja na mkemia Joseph Proust, mbele ya Mfalme wa Ufaransa na mgeni wake, Mfalme Gustav III wa Sweden. Puto lao lilipewa jina la Malkia Marie-Antoinette. Walipanda hadi takriban meta 3,000, wakapita juu ya mawingu na kukutana na baridi kali. Katika muda wa dakika 45 hivi walisafiri takriban kilomita 52, wakatua karibu na msitu wa Chantilly. Hakuna puto la hewa moto lililokuwa limefika juu kiasi hicho wala mbali kiasi hicho.

Baada ya safari hiyo Pilâtre aliitazama bahari. Mlango bahari unaotenganisha Ufaransa na Uingereza ni mwembamba, lakini upepo wa eneo hilo kwa kawaida huvuma kutoka magharibi na kusini-magharibi. Anayeondoka Uingereza husaidiwa nao. Anayeondoka Ufaransa hupambana nao. Puto halina usukani, huenda unakokwenda upepo. Njia pekee ya kuchagua mwelekeo ni kupanda na kushuka hadi kukutana na tabaka la upepo unaoelekea unakotaka, kwa kuwa mara nyingi pepo za juu na za chini hazielekei upande mmoja. Kazi hiyo ya kupanda na kushuka mara nyingi ndiyo ingemaliza mchanga na gesi ya puto la haidrojeni kabla ya kuvuka. Hewa moto peke yake nayo ingemaliza nyasi.

Jibu lake lilikuwa kuviunganisha vyote viwili. Juu aliweka duara la haidrojeni lenye upana wa takriban meta 10, litakalobeba sehemu kubwa ya uzito. Chini yake aliweka pipa refu la kitambaa lenye hewa moto, ambalo kwa moto mdogo tu lingemwezesha kupanda na kushuka bila kutupa chochote. Katika karatasi ya mahesabu, ubunifu huo hauna kasoro. Kasoro yake inaonekana na mtu yeyote asiye na mahesabu: seredani inayowaka chini ya duara la gesi inayolipuka. Inasimuliwa kwamba Jacques Charles alimwonya juu ya hilo. Pilâtre, aliyeifahamu haidrojeni kuliko wengi, aliamini kuwa umbali kati ya moto na gesi unatosha.

Mradi huo uligharimiwa na Hazina ya Serikali. Waziri wa Fedha, Charles-Alexandre de Calonne, aliidhinisha makumi ya maelfu ya livre, sarafu ya Ufaransa ya wakati huo, ili Mfaransa awe wa kwanza kuivuka bahari hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1784 chombo kilipelekwa Boulogne-sur-Mer, na mwenzake katika safari akawa Pierre Romain, aliyeshiriki kukiunda. Kisha wakasubiri upepo.

Walisubiri kwa miezi mingi. Puto za kujaribia mwelekeo zilirushwa na zote zikarudi nchi kavu. Dhoruba za majira ya baridi zilikiharibu kitambaa, na panya wakakitafuna kikiwa ghalani. Tarehe 7 Januari, 1785, Jean-Pierre Blanchard, Mfaransa aliyekuwa akiishi Uingereza, na daktari John Jeffries waliondoka Dover kwa puto la haidrojeni. Walitupa baharini karibu kila kitu, hata nguo walizovaa, na kutua karibu na Calais. Bahari ilikuwa imevukwa, na aliyeivuka hakuwa Pilâtre.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kuacha. Inaelezwa kwamba Pilâtre alirudi Paris na kuonesha nia ya kusitisha mradi, lakini Waziri hakuridhia. Fedha za umma zilikuwa zimetumika na matokeo yalikuwa yanatarajiwa. Kuvuka kutoka Ufaransa kwenda Uingereza kulikuwa bado hakujafanyika, na hilo ndilo lililobaki kuwa lengo. Akarudi Boulogne. Watu wa mji, ambao hapo awali walimpokea kwa shangwe, walianza kumfanyia mzaha. Kitambaa kilikuwa kimezeeka na kutiwa viraka. Yeyote aliyewahi kukabidhiwa mradi wa Serikali wenye muda uliopita na bajeti iliyokwisha anaweza kuelewa hali aliyokuwa nayo mtu huyo, ingawa wachache wetu huhitajika kupanda juu ya mradi wenyewe.

Asubuhi ya tarehe 15 Juni, 1785 upepo ulionekana kufaa. Simulizi za siku hiyo zinaeleza kwamba kijana mmoja wa ukoo wa juu alijaribu kuingia kikapuni akitoa kitita cha fedha, na Pilâtre akamkatalia kwa sababu hakuwa na uhakika wa kutosha na chombo wala hali ya hewa kuweza kuhatarisha maisha ya mtu mwingine. Karibu saa 1 asubuhi yeye na Romain waliondoka. Puto lilipanda vizuri na kuelekea baharini. Baada ya muda mfupi upepo uligeuka na kuanza kulirudisha nchi kavu.

Kilichofuata kilionwa na watu wengi, na hawakukubaliana. Wengine walisema waliona mwali wa moto juu ya puto. Wengine hawakuona moto, waliona tu duara la juu likinywea ghafla. Wapo wanaoamini kwamba Pilâtre alifungua vali ili kushuka, na kwamba kamba yake ilikirarua kitambaa kilichochakaa. Wengine wanafikiri gesi iliyotoka kwenye vali ilipata cheche. Lisilo na ubishi ni kwamba duara lilipoteza gesi yake yote, na chombo kikaanguka kutoka mamia ya meta, karibu na Wimereux, takriban kilomita 5 tu kutoka kilipoondokea. Pilâtre alikuwa amekwisha kufa watu walipofika. Romain alikata roho muda mfupi baadaye. Wanatajwa kuwa watu wa kwanza kufa katika ajali ya chombo cha angani. Pilâtre alikuwa na umri wa miaka 31.

Walizikwa katika kijiji jirani cha Wimille, na mnara wa kumbukumbu ukajengwa mahali walipoangukia. Mfalme aliagiza ichongwe medali ya kumuenzi Pilâtre na kuipa familia yake malipo ya uzeeni. Taasisi aliyoianzisha Paris iliendelea kutoa mihadhara baada ya kifo chake. Ile safari ya kutoka pwani ya Ufaransa hadi Uingereza haikukamilishwa na puto lolote hadi mwaka 1883, karibu miaka mia moja baadaye.

Wazo lake la kuunganisha gesi na hewa moto liliachwa kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuna aliyetaka tena kuwasha moto chini ya haidrojeni. Kilichokosekana ni gesi nyepesi isiyowaka. Heli, ambayo katika karne ya 18 haikujulikana kabisa, ilitambuliwa kwanza katika mwanga wa jua mwaka 1868 na kupatikana duniani mwaka 1895. Ilipopatikana kwa wingi, wabunifu wa mapuro makubwa ya safari ndefu walirudi kwenye michoro ya Pilâtre, wakaweka heli juu na hewa moto pembeni na chini yake, kwa sababu ileile aliyoieleza yeye: kupanda na kushuka pasipo kupoteza gesi wala uzito.

Tarehe 1 Machi, 1999, Bertrand Piccard wa Uswisi na Brian Jones wa Uingereza waliondoka katika milima ya Uswisi kwa puto la aina hiyo. Walibadilisha mwelekeo kwa kutafuta pepo za juu na za chini, wakaizunguka dunia bila kutua mahali popote, na tarehe 21 Machi wakatua katika jangwa la Misri. Aina hiyo ya puto inaitwa rozière.